Watu wa Baba Ndani ya Kreti

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni chini. Mimi shule niliikanyaga kidogo tu, mpaka mama yangu alipohitaji mtu wa kubeba mtoto, nikatolewa. Naandika kama ninavyosema, na nikishasema huwa sirudii. Asiyetaka kusikia habari ya kuhuzunisha afunge hapa, akacheze.

Juzi fundi alikuja kwangu hapa karibu na Rongo kunipakia rangi mlango wa mbele. Alipofungua mkebe, ile harufu ilinipiga nikatafuta kiti. Akafikiri nimeugua, akaniita bibi kwa lugha yetu.

"Dani, nikuletee maji?"

Nikamwambia aendelee na kazi yake. Jioni alipomaliza aliuacha mkebe umesimama tu pale ukutani. Nikamwambia augeuze, kifuniko kiwe chini.

"Itamwagika, Dani."

"Ukifunga vizuri haimwagiki. Ukiuacha hivyo, kesho utakuta ngozi juu ya rangi, uanze kuitoa na kijiti ukimtukana aliyekuuzia."

Akaugeuza. Akauliza ni nani alinifundisha mambo ya rangi. Nikasema ni baba yangu. Akachukua brashi zake akaenda. Lakini tangu siku hiyo habari ya baba yangu imenikalia kifuani kama mfupa wa samaki ngege, ndiyo nimeona afadhali niitoe.

Tuliishi Rusinga, wakati ambao kwenda Mbita ilikuwa ni mtumbwi au ukae nyumbani. Bendera mpya ya nchi ilikuwa bado haijafifishwa na jua. Baba yangu, jina lake Odero, alikuwa mvuvi. Lakini kabla mimi sijazaliwa alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa vitani Burma. Walikwenda wawili, yeye na kaka yake mkubwa, Owino. Akarudi mmoja.

Owino hakuwa ameoa. Simba yake, maana ndivyo tunavyoita nyumba ya kijana aliye bado kwa wazazi, ilikuwa imesimama karibu na lango. Dani wangu mimi, yaani mama yao, aliiezeka kila ilipovuja. Aliikandika udongo, alifagia ndani, alifukuza popo. Kitanda cha kamba kilikuwa kimetandikwa. Kwangu mimi mtoto, baba mkubwa alikuwa mtu aliyechelewa tu, kama watu wanavyochelewa sokoni.

Sasa sikilizeni, kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnajenga popote mnapotaka. Kwetu ndugu mdogo haruki kaka yake. Baba aliruhusiwa kuoa. Wazee walikaa wakasema ukoo usife. Lakini kutoka kwa wazazi na kwenda kuanzisha boma lake, hapana. Atatokaje na mkubwa hajatoka? Na kama mkubwa amekufa, sharti azikwe kwanza. Mwili ukiwa umepotea, njia ipo. Kuna mti unaitwa yago, una tunda refu, zito, la kijivu, linaning'inia kama mkono wa mtu aliyelala. Tunda hilo linafungwa nguo, linalazwa kaburini badala ya mtu, na mambo yanaisha. Lakini lazima aweko anayesema kwamba mtu huyo amekufa. Na Dani alikuwa amesema neno moja, halibadiliki: "Aliyemwona mwanangu amekufa, aje aniambie machoni."

Mtu pekee ambaye angeweza kumwona alikuwa Baba. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akiulizwa, anachukua nyavu anatoka.

Kwa hiyo tulikaa. Mama yangu, ambaye nyumbani aliitwa Nyar Kosele, binti wa Kosele, kwa maana ndiko alikotoka, alituzaa sote ndani ya simba ya Baba. Ilikuwa chumba kimoja. Mvua ikinyesha tunahamisha vitanda huku na huku kama watu wanaocheza ngoma. Mama alitaka mlango wake. Alikuwa anapikia kwa Dani, akataka jiko ambalo mama mkwe hawezi kuingia kufunua sufuria na kuuliza, "Hii ndiyo mnaita mboga?"

Niliwasikia mara nyingi.

"Odero, mimi nitazeekea kwenye simba kama msichana wa kutoroshwa?"

"Ngoja."

"Nangoja nini? Mwambie mama yako neno moja tu. Moja!"

"Nyar Kosele, nimesema ngoja."

Halafu Mama angegonga sufuria mahali, na Baba angechukua kreti yake.

Kreti hiyo ilikuwa ya soda, ya mbao, yenye vyumba vya chupa ndani. Mwenye duka mmoja wa Homa Bay alimpa kwa sababu ubao wa upande ulikuwa umevunjika. Baba aliutengeneza, akatia kifuniko cha bawaba za ngozi. Humo ndimo waliishi watu wake. Walikuwa askari wadogo, urefu wa kidole changu cha kati, na aliwatengeneza yeye mwenyewe. Alikuwa na jiwe la sabuni, lile laini la Kisii, amelipasua vipande viwili na kuchonga ndani umbo la mtu mwenye bunduki. Anafunga vipande kwa waya, anayeyusha risasi zile za kuzamishia nyavu ndani ya mkebe juu ya makaa, anamimina kwenye tundu. Inalia kidogo, inanyamaza. Akifungua, mtu anatoka anang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Kisha rangi. Alitumia rangi ya mitumbwi, kijani na nyekundu na nyeupe, akazichanganya mpaka akapata kaki. Kaki hiyo aliipima na shati lake la jeshini, lililokuwa limebaki kola na mgongo tu, akisogeza kijiti chenye rangi karibu na kitambaa na kufinya jicho moja. Ikiwa imekuwa na kijani kidogo zaidi, anaanza tena. Rangi alizihifadhi kwenye vichupa vya dawa ya sindano, alivyopewa na mtu wa zahanati, vile vyenye kifuniko cha mpira. Alivipanga kichwa chini kwenye sinia la mchanga, kimoja kimoja, vikazama hadi mabegani. Brashi alizitengeneza kwa nywele za mkia wa ndama, akazifunga kwenye manyoya ya kanga. Baada ya kazi anaziosha kwa mafuta ya taa na kuzining'iniza kwenye uzi.

Siku moja niliosha brashi nikaisimamisha kwenye kikombe, nywele chini.

"Nyathina," Baba akaniita, mtoto wangu, "njoo hapa. Wewe unaweza kusimama kwa nywele zako?"

"Siwezi."

"Jaribu, tuone."

Nikajaribu. Nilianguka kwenye jivu, na yeye akacheka mpaka akashika mbavu. Nawaambia hilo ili mjue kwamba alikuwa anacheka. Watu wakimsimulia Baba humfanya kama mtu aliyezaliwa akiwa kimya.

Kazi yangu ilikuwa pamba. Bibi yangu wa Kosele, mama yake Mama, alitutumia pamba mbichi kutoka shambani kwake, na kila askari alilala chumbani mwake amefungwa pamba. Niliitoa mbegu kwa kucha. "Toa zote," Baba alisema. "Mbegu moja inakwaruza rangi, na mtu akiwa na kidonda hapendezi." Mpangilio alikuwa nao mwenyewe: wengine mbele, wengine nyuma. Nilidhani ni kama darasani, wafupi wanakaa mbele. Nikawapima kwa kidole. Wote walikuwa sawa. Ilipita miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba wa mbele ni waliorudi.

Katikati kulikuwa na mmoja peke yake, vyumba vya kando yake vimeachwa vitupu. Huyo alikuwa na kofia, bunduki, viatu, mkanda wa kiunoni uliochorwa kwa unywele mmoja. Uso hakuwa nao. Pale pa uso palikuwa risasi tupu, isiyopakwa rangi.

"Baba, huyu mbona hana uso?"

"Rangi iliisha."

Mimi ndiye niliyekuwa napanga vichupa. Rangi ya uso ilikuwa imejaa. Lakini mtoto haambii baba yake kwamba anasema uongo; nikafikiri labda kuna rangi nyingine ya uso nisiyoijua. Nikamuuliza Mama. Akaangalia mlangoni kwanza, kisha akasema, "Huyo ni baba yako mkubwa. Usimguse."

Jumapili baada ya kanisa, Baba alikuwa anafunga mlango. Anatandika ngozi ya ng'ombe sakafuni, anamwaga mchanga wa ziwani, anaunda vilima. Kitambaa cha kichwa cha Mama cha bluu, kilichochanika, anakilaza katikati.

"Huo ni mto," alisema nilipouliza.

"Unaitwaje?"

"Jina lake lilinishinda ulimi."

Kisha anawatoa watu, anawapanga. Wengine wote alijua mahali pao. Huyu hapa, yule pale nyuma ya kijiti, wawili majini. Mkono wake haukusita. Anawasogeza kidogo kidogo, anatusihi tunyamaze kwa sababu watu wanavuka. Wengine wanafika ng'ambo. Wengine anawalaza. Lakini yule asiye na uso anamshika tu. Anamweka nyuma ya kilima, anamwinua. Anamweka karibu na maji, anamwinua. Anamgeuza vidoleni kama mtu anayetafuta pa kuweka kikombe cha moto. Mwisho anamrudisha kwenye pamba.

"Baba, mbona huyu havuki?"

"Hajaitwa."

"Akiitwa?"

"Akiitwa tutaona."

Sasa nyinyi mnajua ule ni mchezo wa mtu mzima mwenye jambo lililomkwama. Mimi sikujua hivyo. Nilikuwa nimewaona wavuvi wakisimama ufukweni wakati wa kuvuta nyavu, wanampungia mkono aliye mtumbwini, sogea kushoto, rudi, na aliye mbali anafuata mkono wa aliye karibu. Nikaamini Baba anafanya kazi hiyo. Niliamini kwamba mahali fulani mbali kuna mto wa kweli, na baba mkubwa amesimama ukingoni akingoja mkono wa ndugu yake. Kila Jumapili niliomba kimoyomoyo: Baba, mvushe basi. Akivuka atafika Homa Bay, atapanda boti, atafika kwetu, naye Mama atajengewa nyumba. Niliona ni jambo rahisi sana na sikuelewa kwa nini Baba analichelewesha.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Paa letu lilivuja mpaka juu ya kreti. Baba alikuwa ziwani, kwa hiyo Mama akaibeba kreti akaipeleka kwa Dani, akaiweka darini juu ya jiko, mahali pakavu kuliko pote bomani. Hapo ndipo Dani alipoweka pia chungu chake cha unga wa uji, ule anaouacha uchachuke. Dani aliiangalia kreti, akauliza, "Wale watoto wa Odero?" Mama akaitikia. "Haya, walale," Dani akasema. Hakujua ni nani na nani waliomo. Kreti ikakaa huko masika yote, sako kwa bako na chungu.

Mvua zilipoisha Baba akaishusha. Siku hiyo haikuwa Jumapili. Jioni iliyotangulia alikuwa amerudi kutoka Homa Bay kuuza samaki wakavu, na watu walikuwa wamemwona huko amekaa na keya mwenzake wa zamani wakizungumza kwa muda mrefu. Alikuwa hajatuambia walizungumza nini. Akafungua kifuniko, akafunua pamba ya kwanza. Mtu alikuwa ameota unga mweupe. Akafunua wa pili, wa tatu. Wote weupe, kama waliopakwa majivu. Akampuliza mmoja, na mkono wenye bunduki ukapukutika.

"Nyar Kosele!"

Mama akaja anapangusa mikono.

"Ulitaka waloweshwe?" Mama akasema alipoona. "Niliwaweka pakavu. Hakuna mahali pakavu kama pale."

Baba akanusa pamba. "Ni uchachu wa kile chungu," akasema. "Uchachu umewala." Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Mama akatoka nje akakaa na mgongo wake kwenye ukuta. Baba akafunga mlango, akatandika ngozi. Mimi nilikuwa pembeni na pamba yangu na hakuna aliyenifukuza. Akawapanga wale waliokuwa bado wanaweza kusimama. Mwisho akamtoa yule wa katikati. Mguu mmoja ulibaki ndani ya pamba.

Akamshika muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, Owino. Nenda." Akampitisha juu ya kitambaa cha bluu, taratibu, bila kumwinua, akamfikisha upande wa pili na kumwegemeza kwenye kokoto.

"Amevuka?" nikauliza.

"Amevuka."

Vijana, nilitoka mbio sijapata kukimbia hivyo tena. Nilimruka Mama miguu. Dani alikuwa uani anapara samaki.

"Dani! Baba mkubwa amevuka!"

"Amevuka nini?"

"Mto! Amefika ng'ambo! Baba amesema!"

Kisu kikaanguka. Dani akaangalia simba ya Baba, mlango umefungwa mchana. Akamwangalia Mama, amekaa chini ukutani machozi yakimtoka. "Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo habari aliyoipata Homa Bay. Ndiyo maana tangu jana ananikwepa." Na mwanamke yule, ambaye sikuwahi kumwona akiinua sauti isipokuwa kufukuza mbuzi, akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele vilivyofika ziwani.

Watu wakaja. Kwetu kigelegele hakimngoji mtu aulize. Dani alikuwa tayari anamfukuza jogoo wake, na jirani yetu mmoja, Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, mwanamke wa mdomo mkali kuliko wembe, akawa anamzuilia upande wa ghala huku anacheka.

"Min Owino, jogoo huyu ni mzee kuliko vita yenyewe! Mwanao atavunjika meno!"

"Mzuie, wacha maneno. Si wewe ulisema hatarudi?"

"Nilisema. Leo nitatubu kwa mchuzi wako, ukinipa shingo."

"Shingo utapata. Sindano ya kukushonea mdomo pia utapata."

Wote wakacheka. Mtu akaanza kupeleka maji kwenye simba ya Owino. Dani akamchinja jogoo kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia niinjike sufuria kubwa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba moto ulinikataa.

Ndipo Baba akafungua mlango. Alisimama pale na vidole vyeupe, akaona watu, akaona manyoya ya kuku, akaona mama yake anakuja mikono imenyooshwa.

"Mwanangu, kwa nini ulinificha? Amefika wapi? Homa Bay? Nani anamleta?"

"Mama."

"Mtoto amesema amevuka."

"Mama, ni mchezo. Mtoto ameona mchezo."

Aliyekuwa anapeleka maji akautua mtungi. Hata Min Akinyi akaacha kucheka. Dani hakulia. Alishusha mikono, akaipangusa kwa nguo yake, akasema, "Mtu mzima anamchezea ndugu yake? Nionyeshe."

Akaingia. Hakuwa ameingia simba ya Baba tangu aoe. Kwetu mama mzazi haingii alipolala mwanawe na mkewe. Aliingia. Sisi tukabaki mlangoni, Mama ameshika bega langu mpaka likauma. Dani akasimama juu ya ngozi ya ng'ombe akaangalia vilima na kitambaa.

"Ni yupi?"

Baba akaonyesha.

"Mbona hana uso?"

Baba hakusema kwamba rangi iliisha. Alisema, "Nikiuchora, ataniangalia."

"Siku ile alikuwa wapi? Usinionyeshe mchezo. Nionyeshe siku ile."

Baba akapiga magoti. Akamchukua Owino pale kwenye kokoto, akamrudisha juu ya kitambaa cha bluu, akamlaza upande wa huku, karibu na maji, ubavu wake ukigusa kitambaa. Mkono haukusita. Alikuwa amejua mahali hapo siku zote.

"Hapa, Mama. Risasi ilimpata tumboni. Alikuwa anapumua. Akaniomba maji. Ikatoka amri turudi nyuma, na mimi nikarudi."

"Alikuwa anapumua."

"Alikuwa anapumua."

"Maji ulimpa?"

"Chupa yangu ilikuwa tupu."

Dani akaangalia kile kitambaa. "Na mto ulikuwa pale."

"Mto ulikuwa pale, Mama."

 Dani akainama akamwokota mwanawe, akaona ule unga umemshika vidoleni, akamlaza tena palepale alipolazwa. Kisha akageuka kwetu. "Kuku wapeni watoto," akasema. "Nyinyi wanaume, kesho katafuteni yago."

Wakaenda, wakarudi na tunda kubwa wamelifunga shuka jeupe. Mimi niliona ni mtoto mchanga, nikashangaa kwa nini halii. Dani alilipakata kwenye mapaja yake wakati wazee wakichimba upande wanaozikwa vijana waliokufa bila kuoa. Aliimba? Hakuimba. Wanawake wengine waliimba na kuomboleza vya kutosha. Tunda liliposhushwa, akaomba kibuyu cha maji. Akapiga magoti ukingoni na kumimina yote, polepole, pale ambapo mdomo ungekuwa. Wazee hawakumzuia, ingawa hilo halimo katika desturi. Baba alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, ameshika kofia.

Simba ya Owino iliachwa, na mvua zikaiangusha. Baada ya mavuno Baba alitoka alfajiri na kaka yangu, shoka na jogoo, Mama akiwafuata na moto, kama inavyotakiwa mtu akienda kuanzisha boma. Mama akapata mlango wake. Akapata jiko lake, na sufuria zisizofunuliwa na mtu. Niliwahi kumkuta amekaa katikati ya jiko hilo, hapiki, hasongi, analia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Kwa maana Dani hakukanyaga kwetu. Si kwamba aligombana na Baba. Ungeenda pale ungeona mama na mwana wanasalimiana vizuri, anamuuliza habari za samaki. Lakini Baba akimpa maji kwa mkono wake, Dani anasema, "Weka hapo." Yanawekwa hapo. Yanakaa hapo. Jioni kuku wanayanywa. Baba hakuacha kumpa, hata mara moja. Mpaka Dani anakufa, hakunywa maji ya mkono wa mwanawe.

Wale watu wa risasi, Baba alijaribu kuwaokoa. Aliwakausha juani, akawapaka mafuta, akabadilisha pamba. Waliendelea kuliwa kutoka ndani. Ilifika mahali unafunua pamba unakuta ganda la rangi tu, kaki, na mkanda, na viatu, ndani hamna mtu; ukigusa linakunjika. Hakutengeneza wengine. Vichupa vya rangi alinipa nikavichezea.

Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe nilimuuliza, mara moja tu, kwa nini hakumwambia mama yake siku aliyorudi. Alikuwa anashona nyavu. Akasema, "Nilikuja na neno hilo mdomoni kutoka Kisumu mpaka langoni. Nikamkuta anapika. Akafurahi kuniona. Nikasema ale kwanza." Akavuta uzi. "Alipomaliza kula, akaniuliza habari za safari. Nikamwambia mvua ilinyesha sana." Basi. Siku ikapita, na baada ya siku hiyo neno likawa zito kuliko mdomo.

Mume wangu alifia Migori, alikokwenda kuuza ng'ombe. Wanangu walikuja kuniambia. Niliwaona kutoka mbali wakitembea kwa pamoja, na watu wangu wale hawatembei pamoja, kila mmoja ana haraka yake. Wakaingia, wakakaa, mkubwa akakohoa, akaniuliza, "Mama, huku kwenu kumenyesha?" Nikamwambia anyamaze. Nikaita wake zao, nikaita wajukuu, nikaita hata kijana wa kuchunga ng'ombe, nikawasimamisha wote uani kabla sijaruhusu mtu aseme wala mtu alie. Nikawaambia: kuanzia leo, hakuna mtu wa boma hili atakayeingia hapa na kifo mdomoni akaanza na habari ya mvua. Anza na kifo. Mvua tutaiona wenyewe.